Etelka na Bakuli la Mzazi

Mimi nina mdomo. Marehemu mume wangu alilijua hilo kabla hajanioa, akanioa hivyo hivyo, na kwa miaka thelathini akajifanya hasikii vizuri. Kwa hiyo nikianza habari za Etelka, jirani yangu, sina budi kuanza na kosa langu mwenyewe. Bila mdomo wangu, mambo yangekwisha Jumamosi ile ile. Sufuria ingerudi kabatini, na Etelka angekufa bila kuombwa kitu alichokitaka kuliko vyote chini ya jua.

Alitaka kuwa mama wa ubatizo. Basi, hilo tu. Hakutaka nyumba kubwa wala safari za baharini.

Mtu wa mjini atasema, hilo nalo ni jambo? Katika kijiji chetu cha Tiszakerek ni jambo. Mtoto hapa habatizwi na mama mmoja wa ubatizo; huwa nao wawili, watatu, na wakishamshika majini wao na wazazi wanakuwa ndugu hadi kaburini. Huitana somo. Somo ndiye anayekuja kushika miguu ya nguruwe siku ya kuchinja, ndiye anayekaa na maiti wako, ndiye pekee anayeweza kukuambia kwamba kofia yako mpya ni mbaya. Hata Dezső mlevi ameombwa mara tatu kuwa baba wa ubatizo, na mara moja alimshika mtoto kichwa chini. Etelka, miaka sitini na sita, hajaombwa hata mara moja.

Na huyo Etelka ndiye aliyelisha kijiji. Alipika chekechea kwa miaka thelathini na nne. Hakuna mtu mzima hapa wa chini ya miaka hamsini ambaye hakula matonge yake ya semolina. Alijua nani hali karoti, akamkunia hadi zisionekane. Alijua nani ametoka nyumbani bila kunywa chai, na huyo alipewa kipande cha mkate mlangoni, kimyakimya, kabla wenzake hawajaingia. Yeye na mume wake Kálmán, aliyekuwa mfanyakazi wa reli, hawakujaliwa mtoto. Kálmán akafa, Etelka akastaafu, akabaki na kuku wanne na paka asiye na shukrani.

Kwa nini hakuombwa? Kwa sababu ya ujinga wetu. Wazee walisema mwanamke asiyezaa ana mkono mkavu, na akimshika mtoto wa watu majini, nyumba ile nayo itakauka. Hakuna aliyemwambia usoni. Walimwambia, "Wewe Etelka una watoto wengi wa chekechea, tusikuongezee mzigo." Yeye alicheka, na kila ubatizo alipeleka keki. Nami nilikuwa miongoni mwa waliokula keki na kunyamaza. Nina wanangu wawili, na wala sikumwomba. Nalisema hili ili nisije nikaonekana mwema kuliko nilivyo.

Sasa kuna hili bakuli. Mwanamke akijifungua, mama wa ubatizo humpelekea chakula siku saba mfululizo, ili mzazi asisogelee moto. Chakula hutiwa ndani ya bakuli kubwa, bakuli hufungwa kwa kitambaa cheupe kilichodariziwa ndege kwa uzi mwekundu, na hubebwa barabarani mchana kweupe ili kila mtu aone. Kitambaa hicho msichana hujishonea kabla ya kuolewa. Mimi na Etelka tulishona vyetu mezani pamoja, majira ya baridi moja, tukiwa na miaka kumi na tisa. Ndege wake walikuwa ndege. Ndege wangu walifanana na vyura. Lakini vyura wangu wametoka mara tano, wana madoa ya mchuzi na alama ya pasi. Ndege wa Etelka walikaa sandukuni miaka arobaini na saba, weupe kama siku walipomalizwa.

Januari hiyo, katika nyumba ya tatu, alijifungua Noémi. Nyumba zetu zimepangana: yangu, ya Etelka, kisha ya Rozália. Noémi ni mke wa Bence, mwana wa Rozália, dereva wa lori, ambaye wiki ile alikuwa Italia na shehena ya matufaa. Binti mwenyewe alilelewa katika kituo cha watoto yatima mjini. Hakuwa na mama, hakuwa na shangazi, hakuwa na mtu wa kuja kusimama kando ya kitanda chake na kusema, "Mbona umekonda?"

Alikuwa na Rozália. Rozália si mtu mbaya. Mimi ni somo wake, nilimshika Bence majini, kwa hiyo nina ruhusa ya kusema. Wema wake ni kama koti la sufu: linatia joto, lakini linawasha mwili mzima. Mila zote anazijua na zote anazitekeleza, na akiona mtu anaikosea hata moja, hupata maumivu ya kichwa ya kweli, ya kulazwa. Mama wa ubatizo alikwisha kumchagua kabla mtoto hajazaliwa: mke wa mfamasia, binamu yake kwa mbali, mwanamke wa mjini mwenye kofia ya manyoya. Huyo alituma kadi na blanketi ndani ya sanduku lenye utepe. Bakuli hakuleta. Alisema kwenye simu kwamba hayo ni mambo ya kale.

Na wiki hiyo hiyo Rozália alikuwa amechinja nguruwe. Nyumba nzima ilikuwa soseji na kabichi chachu na mafuta ya nguruwe. Lakini mzazi haruhusiwi soseji, mtoto atapata mchango. Kabichi na kitunguu, hapana. Maharage, Mungu apishe mbali. Noémi alishindia maji ya binzari nyembamba na vipande vya mkate mkavu, siku tano, huku akinusa soseji kupitia ufa wa mlango.

Ijumaa Etelka aliniita uani, penye uzio.

"Ágota, yule binti analia."

"Wazazi hulia, shoga. Mimi nililia wiki mbili."

"Hapana. Kile ni kilio cha njaa. Mimi nimekisikiliza miaka thelathini na nne, kila siku saa tano na nusu. Wewe unaweza kunifundisha cherehani, hiki huwezi kunifundisha."

Jumamosi alfajiri alichinja kuku wake mzee kuliko wote, yule aliyeacha kutaga tangu mavuno. Niliingia kwake kuazima hamira, nikakuta kuku yuko sufuriani na maji baridi, miguu yake imemenywa na kutiwa humo humo, na Etelka amesimama juu yake na mwiko.

"Washa moto vizuri basi," nikamwambia, "huyu bibi hataiva hadi Pasaka."

"Niache. Mchuzi unatakiwa unong'one. Ukipiga kelele kama wewe, unachafuka."

Ikawa hivyo, saa tatu nzima, kipovu kimoja hapa, kingine pale. Kitunguu alikitia kizima na maganda yake, ili kitoe rangi, kisha akakitoa, mzazi asikione na Rozália asikigundue. Akashuka kwenye chumba cha chini, ambako mizizi ya majira ya baridi inalala ndani ya mchanga, akafukua kwa mikono: karoti, karoti nyeupe, kichwa cha selari kikubwa kama ngumi ya Bence. Akavikata vipande vya ukubwa wa kidole gumba, wala si vidogo, maana alisema mgonjwa akiona vipande vidogo anajua anahurumiwa. Akavipitisha kwenye siagi taratibu hadi jikoni kukanukia utamu, akanyunyiza unga, akamwaga ule mchuzi wa dhahabu kidogo kidogo, akarudisha nyama isiyo na mfupa hata mmoja. Jani moja kavu la kunukisha mchuzi. Malai chachu kijiko, limau tone. Mwishoni matonge ya semolina, laini, yanayoelea. Rojo lilikuwa zito kiasi cha kushikilia kijiko kwa muda kabla hakijalala.

Nilionja. Sitasema nilivyojisikia, maana nilikuwa nimeambiwa nionje kijiko kimoja, na nilionja vitatu.

Nikarudi kwangu. Mimi sichungulii watu. Cherehani yangu iko dirishani kwa sababu ya mwanga. Saa sita kasoro nikamwona Etelka anatoka langoni, anatembea kwenye barafu hatua fupi fupi kama bata, na mikononi amebeba bakuli. Limefungwa. Kitambaa cheupe. Uzi mwekundu. Ndege!

Moyo ulinipasuka kwa furaha. Nilidhani ameombwa. Ningedhani nini kingine? Mtu habebi kitambaa kile ila ameombwa. Ni sawa na kuvaa pete ya ndoa. Nilivaa koti, nikakimbilia foleni ya mkate, ingawa mkate nilikuwa nao.

"Etelka ameombwa!" nikatangaza kabla sijafunga mlango. "Kwa Rozália! Nimemwona na bakuli!"

Foleni ikageuka yote. Muuza mkate akaacha kisu. Mmoja akasema, "Hatimaye!" na mwingine akasema, "Rozália? Hata siamini," na kufikia saa nane mke wa mchungaji alikuwa anaoka keki.

Jioni mapema, jua likiwa bado juu ya mapaa, nilikwenda kwa Etelka na chupa ya pombe ya plamu. Nilimkumbatia mlangoni.

"Hongera, shoga yangu! Hongera, mama wa ubatizo!"

Akawa mweupe kama unga.

"Nani kakuambia nimeombwa?"

"Si kitambaa?"

"Ágota." Akaketi. "Sijaombwa. Nilipeleka chakula kwa jirani mwenye njaa, basi. Taulo zangu zote ziko kwenye kamba, tazama, zimeganda."

Nikatazama uani. Kweli, taulo zilisimama kwenye kamba ngumu kama mbao, zikigongana kwa upepo.

"Umemwambia nani?" akauliza.

"Watu wachache."

"Wangapi?"

"Foleni."

"Foleni yote?"

"Na waliokuwa wanapita." Nikajaribu kujitetea. "Lakini wahenga walisema, lisemwalo lipo, kama halipo laja."

"Basi lingoje kwako likija, maana kwangu halitafika kamwe," akasema, na chupa yangu hakuifungua.

Nilijisikia vibaya, tena vibaya sana. Maji yakimwagika hayazoleki. Nilimwambia kesho nitasimama kanisani niwaambie watu wote kwamba mimi ni punguani, akasema watu wote wanajua. Kisha akafuta macho kwa aproni na kusema kitu cha ajabu.

"Kesho lazima nirudi tena kule. Alimaliza bakuli zima, Ágota, akala amesimama. Akaniuliza, 'Shangazi, na kesho je?' Ningemjibuje?"

Kwa hiyo Jumapili alfajiri akachinja kuku wa pili.

Kanisani nilijikunja pembeni. Nilidhani aibu yetu itakuwa ndogo, lakini watu wakitoka walimpangia Etelka foleni mlangoni kumpa mkono. Wanaume wazima, wenye sharubu, aliowapangusa makamasi walipokuwa na miaka minne. "Ilikuwa zamu yako, shangazi," wakamwambia. Yeye alipeana mikono, uso umemwiva. Na nyuma yao alisimama Rozália na kitabu chake cha nyimbo, anasikia yote. Aliondoka mbele yetu, kisigino kinachimba theluji.

Saa sita tulikwenda wote wawili. Etelka alibeba sufuria, safari hii imezungushiwa taulo kuukuu la kijivu. Mimi nilibeba mkate na hatia yangu. Rozália alifungua mlango kabla hatujabisha.

"Karibuni, karibuni! Mama wa ubatizo amekuja, na mpiga mbiu wake."

Tukaingia jikoni. Soseji zilining'inia juu ya vichwa vyetu safu tatu.

"Somo," nikaanza, "kosa ni langu. Etelka hakusema lolote. Mimi niliona kitambaa nikaropoka."

"Wewe uliropoka, hilo nimelizoea. Lakini kitambaa hukukifunga wewe." Akamgeukia Etelka. "Mimi nimempa neno langu mke wa mfamasia. Watu wanatoka kanisani wananipongeza kwa chaguo ambalo sikulifanya! Nifanyeje? Nimwambie nini?"

"Taulo zake zilikuwa zimeganda," nikasema haraka. "Zote. Kwenye kamba. Nimeziona kwa macho yangu. Akachukua kilichokuwa kikavu, ni hivyo tu."

Rozália akashusha pumzi. Ukali ukamtoka usoni kidogo kidogo, na nikaona tumepona.

"Ah. Zimeganda. Basi ungesema tangu jana. Tutawaeleza watu: taulo ziliganda. Hakuna aliyekosea."

Njia ya kuponea ilikuwa wazi kabisa. Etelka alichotakiwa kufanya ni kuitikia kwa kichwa, aweke sufuria, turudi kwetu. Nilimkanyaga mguu ili aitikie.

Akaweka sufuria juu ya jiko. Akakunja lile taulo la kijivu, mara mbili, mara nne.

"Hili hapa lilikuwa kavu," akasema. "Lilikuwemo ndani ya droo. Jana nililiona. Nikaifunga droo, nikafungua sanduku."

"Etelka!" nikasema.

"Nyamaza, Ágota, angalau leo. Rozália, sikuja kukuibia nafasi ya mtu. Niliwaza hivi: kutoka lango langu hadi lako ni hatua hamsini. Nikizitembea hizo hamsini, mara moja tu, na kitambaa changu, halafu nirudi nikakifue nikirudishe sandukuni, nani nitakuwa nimemdhuru? Nina miaka sitini na sita. Nilitaka kujua mkono unajisikiaje. Basi nimekosa, na ninaomba radhi. Lakini sitasema taulo ziliganda."

Nimemjua Etelka tangu hatujaota meno, na siku hiyo ndiyo nilijua kwamba keki zote zile, ubatizo baada ya ubatizo, alizioka akiwa na donda. Nilitamani kujificha nyuma ya kabichi.

Rozália naye hakujua aangalie wapi. Akaangalia soseji.

"Sikuchukii, Etelka. Usidhani nakuchukia. Lakini unajua watu wanavyosema."

"Sijui. Hakuna aliyewahi kuniambia. Niambie wewe."

"Wanasema..." Rozália akakohoa. "Mkono mkavu."

Ndiyo hivyo, likatoka, mbele yake, kwa mara ya kwanza katika maisha yake yote. Etelka akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu anayepokea barua aliyojua itafika.

"Mkono mkavu ni nini?"

Sote tukageuka. Noémi alikuwa mlangoni mwa chumba, nywele timutimu, mtoto begani, soksi za Bence zimemfika magotini. Rozália akamweleza, shingo upande, kwamba ni imani ya wazee, mwanamke asiyezaa akigusa mtoto, nyumba hukauka. Noémi alisikiliza hadi mwisho. Kisha akacheka. Tangu aletwe kijijini kwetu sikuwahi kumsikia akicheka.

"Bence alikula mkononi mwake miaka minne, mama. Aliniambia mwenyewe. Sasa ana kilo mia na tano! Mimi naomba hata akauke kidogo, kitanda kinapinda."

Nikashindwa kujizuia, nikacheka hadi nikashika meza. Rozália alibana midomo, akabana, lakini pua ilimsaliti.

"Hayo si mambo ya kuchekea," akasema.

"Mimi sijui mambo yenu," Noémi akasema. "Kituoni hatukuwa na mila, tulikuwa na ratiba ukutani. Lakini siku tano nililala humu, na mtu mmoja tu ndiye aliyesikia kwamba nina njaa, tena kupitia ukuta. Nataka awe huyo. Sijui mnaombaje, nitasema nijuavyo." Akamwelekea Etelka. "Shangazi, unaweza kuwa..."

"Ishia hapo hapo!" Rozália akapiga kelele, mkono kichwani, ninaamini kichwa kilianza kumuuma kweli. "Siyo hivyo! Mzazi haombi! Mzazi akiomba kwa kinywa chake, mtoto hakosi kuwa mwenye wivu. Baba ndiye anayeomba, amesimama, amevua kofia!"

"Bence yuko Italia."

"Baba akiwa safarini, anayeomba ni mama yake!"

Alilisema haraka, kama mtoto hodari darasani anayejibu kabla hajaitwa. Halafu akasikia alichokisema. Mafuta ya soseji yakadondoka juu ya jiko, tss.

"Mama yake baba ni nani?" nikauliza kwa upole, nikitazama dari.

"Ágota, nitakupiga na mwiko."

"Niombee basi, mama," Noémi akasema. Hakucheka tena. "Tafadhali."

"Nimeshampa neno mke wa mfamasia."

"Lini mtoto wa hapa akawa na mmoja?" nikasema. "Bence alikuwa na watatu, na mimi ndiye wa tatu, tena niliombwa siku ya mwisho kwa sababu mtu aliugua surua. Mke wa mfamasia awe wa kwanza, akae mbele na kofia yake. Ila niambie, yeye kaleta bakuli gani?"

"Kaleta blanketi."

"Blanketi haliliwi, somo."

Rozália akatugeuzia mgongo. Akaenda kwenye karai, akanawa mikono, akaifuta kidole kimoja kimoja. Nilidhani ametukataa. Kisha akapeleka mikono nyuma, akafungua aproni, akaitundika msumarini. Hapo nikamshika Noémi mkono, maana mimi nilijua: kwetu hakuna mtu anayeomba akiwa na aproni.

Akasimama mbele ya Etelka, wima kama kanisani.

"Nyumbani kwetu amefika mgeni mdogo," akaanza, na sauti ilikuwa ya kukwaruza. "Hana jino, hana jina mbele za Mungu. Baba yake yuko njiani, nasema kwa niaba yake. Tunakuomba umshike majini. Na sisi..." Hapo akakwama. "Na sisi utushike mkono siku zetu zote."

Akanyoosha mkono. Hakuunyoosha nusunusu, aliunyoosha wote, na Etelka alipochelewa kuupokea, aliufuata mwenyewe ule wa Etelka, mwekundu, uliopasuka kwa miaka ya kuosha masufuria ya watoto wetu, akaukamata.

Jibu lake lipo, kila mtu analijua, maneno manne tu. Etelka amelisikia likisemwa tangu utoto. Alibaki anautazama mkono wake ndani ya mkono wa Rozália.

"Jibu basi, mwanamke!" Rozália akasema, na machozi yalikuwa yanamtiririka kabisa sasa, wala hakuyajali. "Mchuzi unapoa!"

"Napokea kwa moyo wote," Etelka akasema.

"Haya. Kaa chini, somo. Zimebaki siku tano, na sitaki fedheha katika nyumba hii. Kuku wa kesho awe mnene."

"Sina mnene. Nimebakiwa na wawili, na wanataga."

"Nani kakuambia uchinje wanaotaga? Utachukua wangu, yule mweusi, tangu Krismasi ananimalizia mahindi bure."

Noémi alikuwa ameshafunua sufuria. Mvuke ulimpanda usoni, akafumba macho, akatafuta kijiko, akakuta hawezi kula kwa mkono mmoja na mtoto begani. Akatazama huku na huku. Kisha akamweka mtoto mapajani mwa Etelka, bila maneno, jinsi mtu anavyompa ndugu yake, akavuta kiti na kuanza kula kwa mikono miwili.